Mwongozo kamili: Jua gharama ya kweli ya tovuti ya mfumo wa kulipia kabla hujatoa shilingi

Kila baada ya wiki chache napokea swali lilelile kwa maneno tofauti. Mtu wa Mbarara, Arua au hapa Kampala, Uganda, amejenga tovuti kwa mfumo wa kulipia, yaani programu ya kujenga na kusimamia tovuti inayotozwa ada, kama Wix au Shopify. Aliambiwa ni "dola 39 tu kwa mwezi". Mwezi wa saba hivi anagundua kwamba pesa zinazotoka hazifanani na alizopanga. Wengine huizima tovuti. Wengine hutafuta fundi mwingine na kuanza upya, kosa lilelile likiwasubiri mlangoni.

Kosa lenyewe ni kulinganisha mifumo kwa bei ya kuingia. Maumivu yako kwenye kubaki, na makubwa zaidi yako kwenye kutoka. Kwa hiyo hesabu tutakayoipiga hapa ni ya miezi 36, kwa shilingi, na siku ya kuondoka imo ndani yake. Tenga jioni mbili.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Karatasi ya hesabu kwenye kompyuta, au daftari la mistari na kikokotoo cha simu.
- Taarifa ya benki yenye angalau malipo mamoja ya dola uliyofanya kwa kadi. Kama hujawahi kulipa hivyo, nunua kwanza kitu cha dola moja au mbili mtandaoni.
- Kotesheni ya fundi kwa maandishi. Ya mdomo haihesabiki, hata kama fundi ni shemeji yako.
- Ukurasa wa bei wa kila mfumo unaoufikiria, uhifadhi kama PDF ukiwa na tarehe.
- Idadi ya oda zako za mwezi na wastani wa thamani ya oda moja, kutoka kwenye kitabu cha mauzo na wala si kutoka kwenye ndoto.
- Simu ya bei ya chini yenye bando la kawaida.
- TIN (namba ya mlipakodi) yako ya URA, mamlaka ya mapato.

## Hatua ya 1: Andika kazi ya tovuti kwa sentensi tatu

Nani ataingia, atafanya nini, na nani wa upande wako ataibadilisha. Basi.

Sentensi ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ina bei yake. Mifumo kadhaa ya kulipia huweka kikomo cha watu wanaoingia kuhariri, au hutoza kwa kila mmoja. Ukiwa na wahariri watano na mpango unaruhusu wawili, umeshapanda daraja la bei kabla hujaandika neno.

Umefaulu kama mtu asiyeijua biashara yako anaweza kusoma sentensi hizo tatu na kukwambia tovuti ina kurasa ngapi.

## Hatua ya 2: Jua unanunua nini hasa

Mifumo ya kulipia ya kusimamia maudhui iko ya namna tatu, na kila namna inauma mahali pake.

Ya kwanza ni ya kupanga, kama chumba: Wix, Squarespace, Shopify, Webflow. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ni yao, mfumo ni wao, wewe unalipa ada ya mwezi au mwaka. Ukiacha kulipa, mlango unafungwa.

Ya pili ni ya kununua leseni, kama Craft CMS. Unalipia leseni ya mradi, unaweka mfumo kwenye seva yako, kisha unalipa ada ya kila mwaka ukitaka kuendelea kupata maboresho. Hapa seva na fundi wa kuiangalia ni mzigo wako.

Ya tatu ni ya wakubwa: Sitecore, Adobe Experience Manager na wenzao. Hawa hawabandiki bei mlangoni. Unaomba kotesheni, mnajadiliana, na mkataba ni wa miaka. Ukiwa na duka, shule au nyumba ya wageni, pita tu. Nawataja kwa sababu nimeona makaratasi ya zabuni yaliyonakili sifa za mifumo hii neno kwa neno kwa ajili ya tovuti ya kurasa nane.

Tahadhari: usidhani leseni ni ya milele kwa masharti yaleyale. ExpressionEngine, mfumo mwingine wa tovuti, iliuzwa kwa leseni miaka mingi, kisha mwaka 2018 ikaachiwa bure. Hiyo iligeuka kwa faida ya mteja. Nyingine hugeukia upande wa pili. Na bure nayo huzeeka: Drupal 7, mfumo wa tovuti ambao haukuwahi kuuzwa, ilikoma kupewa maboresho rasmi ya usalama tarehe 5 Januari 2025, na waliokuwa nayo wakalazimika kulipia kazi ya kuhama.

## Hatua ya 3: Tafuta bei ya dola iliyofika Kikuubo

Mfanyabiashara wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, hapangi bei ya bidhaa kwa bei ya Guangzhou. Anaongeza meli, bandari ya Mombasa, ushuru wa forodha, lori na wabebaji, ndipo anajua kipande kimoja kimemfikia kwa shilingi ngapi. Dola ya tovuti nayo inasafiri, ila njia yake haionekani.

Chukua taarifa ya benki. Tafuta malipo ya dola, kisha gawanya shilingi zilizokatwa kwa dola ulizolipa. Namba utakayoipata itakuwa juu ya ile ya Benki Kuu, kwa sababu benki ya kadi yako ina kiwango chake na mara nyingi ada ya muamala wa nje juu yake.

Halafu weka kodi. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Uganda ni asilimia 18, na wauzaji wengi wakubwa wa nje wa huduma za kidijitali huiongeza wakati wa kulipa. Bei ya ukurasa wa mbele haina kodi hiyo. Kama umesajiliwa VAT, muulize mhasibu wako namna ya kuishughulikia. Kama hujasajiliwa, ni gharama yako moja kwa moja.

Mfano. Tuseme dola ni shilingi 3,700, na benki inakula asilimia 3:

3,700 × 1.18 × 1.03 = 4,497

Nitaiita 4,500. Hiyo ndiyo dola iliyofika Kikuubo, na kuanzia hapa kila bei ya dola unaizidisha kwa namba hiyo. Ile "dola 39 tu" ambayo kichwani ilikuwa shilingi 144,300 sasa ni 175,500 kwa mwezi.

Kuna mtego mmoja hapa ambao umeshawazimia watu tovuti: kadi ikikosa salio siku ya kukatwa, au ikiwa na kikomo cha malipo ya nje, mfumo hujaribu mara chache kisha unafunga. Weka salio la ziada kwenye hiyo kadi, na usiitumie kwa kitu kingine.

Umefaulu ukiwa na namba moja tu ya dola, imeandikwa juu ya karatasi, na unaweza kuionyesha imetoka wapi.

## Hatua ya 4: Tenganisha mwaka wa kwanza na wa pili

Punguzo la mwaka wa kwanza ni chambo. Domeini, yaani jina la anwani ya tovuti, ya bure "ukilipa mwaka mzima" huwa ya bure mwaka huo tu. Kwenye karatasi tengeneza safu tatu, mwaka wa 1, wa 2 na wa 3, na kwenye ya pili na ya tatu andika bei ya kuhuisha, ambayo iko kwenye maandishi madogo chini ya ukurasa. Usipoiona, waandikie huduma kwa wateja na uhifadhi jibu.

## Hatua ya 5: Pesa ya mteja itapitia wapi?

Kama huuzi kitu mtandaoni, ruka hatua hii. Kama unauza, soma mara mbili, maana hapa ndipo hesabu nyingi za Uganda zinapovunjika.

Mteja wako analipa kwa MTN MoMo au Airtel Money. Mifumo mingi ya kupanga ilijengwa kwa ajili ya watu wenye kadi, Marekani na Ulaya. Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi, haifungui akaunti za wafanyabiashara walioko Uganda. Shopify Payments, njia ya malipo ya Shopify yenyewe, haipatikani hapa. Kwa hiyo utaunganisha mpatanishi wa malipo anayefanya kazi nchini, kama Pesapal, Flutterwave au DPO, naye ana makato yake.

Sasa sikiliza. Shopify humtoza anayetumia mpatanishi wa nje ada ya ziada kwa kila muamala. Kwenye mpango wa Basic ni asilimia 2. Ni kama mwenye jengo kukudai pesa kwa sababu wateja wako wamepita kwenye mlango ambao yeye mwenyewe amekulazimisha kuutumia. Asilimia hiyo ni juu ya makato ya mpatanishi, na zote mbili zinakatwa kwenye mauzo, siyo kwenye faida. Kama faida yako kwenye kitenge ni asilimia 15, na makato hayo mawili kwa pamoja yakiwa tuseme asilimia tano na nusu, umebaki na chini ya kumi.

Fanya hivi:

1. Muulize mpatanishi kwa maandishi asilimia ya MoMo, ya Airtel Money na ya kadi, kila moja peke yake.
2. Uliza pesa zinafika benki au kwenye simu yako baada ya siku ngapi, na kuzitoa ni bei gani.
3. Hakikisha plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kumuunganisha na mfumo wako ipo na imeboreshwa ndani ya mwaka huu.
4. Nunua kitu chako mwenyewe cha shilingi 5,000 na ufuatilie kilichofika.

Namba ya nne ndiyo mtihani. Umefaulu kama unaweza kusema: mteja alilipa 5,000, nimepokea kiasi hiki, na kila shilingi iliyopotea njiani naijua jina.

Jambo la kando lenye bei yake: fomu ya oda inakusanya majina na namba za simu za watu. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inakuhusu, na anayekusanya data anatakiwa kujisajili kwa Ofisi ya Kulinda Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Weka mstari wake kwenye karatasi.

## Hatua ya 6: Pima tovuti kwa bando la mteja

Violezo (miundo ya tovuti iliyotengenezwa tayari) vya mifumo ya kulipia ni vizuri kwa macho na vizito kwa bando: video ya nyuma, picha kubwa, herufi za mapambo. Tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, na mteja wako anajua thamani ya kila megabaiti.

Fungua mfano wa kiolezo kwenye ile simu ya bei ya chini, kwa data, bila Wi-Fi. Angalia kwenye mipangilio ya simu megabaiti kabla na baada. Mimi ukurasa wa kwanza ukizidi megabaiti 2 naukataa. Ni kipimo changu tu, lakini sijajuta.

Angalia pia vipande vya Facebook ndani ya kiolezo. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na watu wakazoea kuifungulia VPN. Kitufe cha "ingia kwa Facebook" kwenye tovuti ya Kampala ni mlango uliojengewa ukuta. Kiolezo kinachokitegemea kitakugharimu pesa ya fundi kukiondoa.

## Hatua ya 7: Weka bei kwenye kazi ya mikono

Mfumo haujiandikii maneno wala haupigi picha za bidhaa zako. Andika kila kazi na mtu wake: kupanga kiolezo, picha, maandishi, kuingiza bidhaa, mafunzo, kisha masahihisho ya kila mwezi. Ukisema "nitafanya mwenyewe", andika saa zako na uzipe bei. Duka likifungwa Jumatano nzima kwa sababu unahangaika na menyu ya tovuti, hiyo ni pesa.

Kwenye kotesheni ya fundi tafuta mistari miwili. Wa kwanza ni "SSL kila mwaka". SSL ni cheti cha kulinda mawasiliano ya tovuti. Mifumo ya kupanga huwa nacho ndani ya ada, na kwenye seva yako shirika la Let's Encrypt hukitoa bure, na seva ikipangwa hivyo kinajihuisha chenyewe kabla ya muda wake kuisha. Mwulize fundi anauza nini hapo. Wa pili ni "matengenezo" bila maelezo. Yageuze yawe saa: saa ngapi kwa mwezi, na zikizidi ni bei gani.

Kama kampuni yako imeteuliwa na URA kuwa wakala wa kuzuia kodi, malipo ya fundi yanayozidi shilingi milioni 1 yanakatwa asilimia 6. Mwambie mapema, la sivyo ataiongeza kwenye bei na mtagombana siku ya kulipana.

## Hatua ya 8: Jina la tovuti liwe lako

Hatua hii ni fupi na nimeilipia mwenyewe. Miaka iliyopita nilimwachia fundi asajili domeini ya kikundi chetu cha akiba kwa barua pepe yake. Alikuwa kijana mwema, kazi safi. Akapata kazi Dubai, akabadilisha namba, barua za kuhuisha zikawa zinaenda kwenye sanduku ambalo halifungui. Jina likaisha muda, likachukuliwa na mtu mwingine, nasi tulikuwa tumeshalichapa kwenye fulana 200 pale Nasser Road.

Kwa hiyo: fungua akaunti kwa msajili (kampuni inayouza domeini) kwa barua pepe yako, lipa mwenyewe, kisha mpe fundi ruhusa. Iwe .ug, .co.ug au .com, kanuni ni hiyohiyo. Na usinunue domeini ndani ya mfumo wa kupanga kama unaweza kuinunua kando, kwa sababu siku ya kuhama hutaki kumwomba mwenye nyumba akurudishie jina lako. Domeini mpya ya .com huwa haihamishiki kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za mwanzo, kwa hiyo kosa la leo hulirekebishi kesho.

Umefaulu kama unaweza kuingia kwenye akaunti ya msajili sasa hivi, bila kumpigia mtu simu.

## Hatua ya 9: Jaribu kuondoka kabla hujaingia

Mifumo mingi hukupa siku za majaribio. Watu huzitumia kuchagua rangi. Wewe zitumie kutoroka.

Weka bidhaa kumi, makala mbili, picha chache. Kisha tafuta kitufe cha kupakua kila kitu, na uone unachopata. Wix haikuruhusu kupakua tovuti nzima na kuiweka kwenye seva nyingine. Squarespace inatoa faili la makala na baadhi ya kurasa kwa muundo wa WordPress (mfumo wa bure wa tovuti), na mengine yanabaki. Shopify inatoa bidhaa na wateja kama CSV (faili la jedwali), ila kiolezo chake hakifanyi kazi popote nje ya Shopify. Webflow, kwenye mipango ya kulipia, inakuruhusu kupakua kurasa, lakini fomu na maudhui yanayosimamiwa na mfumo hayaendeshwi tena.

Kila kisichotoka utakilipia mtu akijenge upya. Kadiria saa, zidisha kwa bei ya fundi, uandike "kuondoka". Usiuache mstari huo na sifuri. Sijawahi kuona sifuri hapo ikawa kweli.

## Hatua ya 10: Jumlisha

Huu ni mfano wa kubuni: duka la vitenge Arua, oda 40 kwa mwezi, wastani wa shilingi 120,000 kila moja. Yaani mauzo ya 4,800,000 kwa mwezi. Bei zote ni za miezi 36, dola moja ni 4,500.

- Ada ya mfumo, dola 39 kwa mwezi: 6,318,000
- Plagini mbili, dola 30 kwa mwezi: 4,860,000
- Kiolezo, dola 300 mara moja: 1,350,000
- Domeini, dola 15 kwa mwaka: 202,500
- Barua pepe tatu, dola 18 kwa mwezi: 2,916,000
- Fundi wa kupanga: 2,500,000
- Picha na maandishi: 800,000
- Masahihisho, 100,000 kwa mwezi: 3,600,000
- Makato ya mfumo, asilimia 2: 3,456,000
- Makato ya mpatanishi, tuseme asilimia 3.5: 6,048,000
- Kuondoka: 2,000,000

Jumla: shilingi 34,050,500.

Sasa rudi kwenye "dola 39 tu". Kwa kiwango cha 3,700 na miezi 36, ilikuwa 5,194,800. Umelipa zaidi ya mara sita. Gawanya jumla kwa oda 1,440 za miaka mitatu na utaona kila oda ya 120,000 imebeba karibu 23,650 ya tovuti. Namba hiyo ndiyo ninayotaka uitazame kwa muda mrefu.

Sijasema ukimbilie mfumo wa bure. Nilipiga hesabu ya duka hilohilo kwa WordPress na WooCommerce, plagini yake ya duka: seva dola 10 kwa mwezi, fundi wa kuiangalia 150,000 kwa mwezi, plagini dola 150 kwa mwaka, kupanga 4,000,000, kuondoka 700,000. Domeini, barua pepe, picha, masahihisho na mpatanishi vikabaki vilevile. Ilifika 27,311,500. "Bure" ya milioni 27! Tofauti ya milioni 6.7 hivi ni halali ukiwa na fundi anayepokea simu. Usipokuwa naye, siku tovuti ikidukuliwa utatamani ungekuwa umelipa ada ya mwezi.

Kabla ya kuamua, piga hesabu tena mara mbili: dola ikipanda kwa asilimia 10, na oda zikiwa nusu ya ulivyotarajia. Mistari ya ada haipungui mauzo yakipungua. Kwenye mfano wetu, oda 20 kwa mwezi zinapunguza makato ya asilimia peke yake, na gharama ya kila oda inaruka hadi zaidi ya 40,000. Kwa duka la aina hiyo ningesema waziwazi: ukurasa mmoja mwepesi wenye picha, bei na namba ya WhatsApp unatosha kwa mwaka wa kwanza.

Ukiamua kuingia, lipa kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, hata kama mwaka una punguzo. Mwezi wa nne fungua karatasi yako, linganisha na taarifa ya benki mstari kwa mstari, kisha ndipo ulipe mwaka. Weka kengele kwenye simu siku 30 kabla ya tarehe ya kuhuisha, moja ya mfumo na nyingine ya domeini, na siku hiyohiyo pakua nakala ya bidhaa na wateja uiweke kwenye flashi inayolala nyumbani.